Kwa Nini Kayaki Yenye Matundu Haizami, na Inayoyumba si Lazima Ipinduke

Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza kayaki ya plastiki iliyolazwa kifudifudi nchi kavu hushangazwa na jambo moja kuliko mengine yote: chombo kimetobolewa. Matundu manne, sita, wakati mwingine manane, yamepenya kutoka upande wa kukalia hadi upande wa chini unaogusa maji, na ukiinama kuchungulia unaiona mbingu upande wa pili. Swali linalofuata ni la haki kabisa: chombo kilichotoboka kinaeleaje? Swali hilo likijibiwa vibaya huzaa makosa mengine. Wapo wanaonunua vizibo na kuyaziba matundu yote siku hiyohiyo. Wapo wanaoikataa kayaki nyembamba kwa sababu iliwayumbisha dakika mbili za mwanzo, na wapo wanaochagua iliyo pana kuliko zote wakiamini wamenunua usalama. Ninavyoona mimi, suala la maji kutoka, la chombo kutulia na la aina ya kuchagua ni suala moja lenye sura tatu. Yote yanategemea kiti cha mpiga kafi: kiko juu ya usawa wa maji au chini yake, na kwa kiasi gani?

Tuanze na maneno yenyewe. Kayaki ni chombo chembamba kinachoendeshwa na mtu aliyekaa akitazama mbele, miguu ameinyoosha, mkononi ana kafi lenye bapa pande zote mbili. Asili yake ni kwa Wainuit na jamii nyingine za ukanda wa Aktiki, ambao waliunda kiunzi cha magogo yaliyoletwa na mawimbi au mifupa ya nyangumi, kisha wakakivika ngozi ya sili. Siku hizi nyingi ni za plastiki, nyingine za nyuzi za kioo, na nyingine hujazwa upepo. Kwa umbo, zinagawanyika katika koo mbili. Kayaki ya kukaa ndani ina tundu moja kubwa katika sitaha. Mtu hujitumbukiza humo, na miguu yake hubaki imefunikwa. Kayaki ya kukaa juu haina tundu hilo: ni kama boya refu lililofungwa pande zote, na juu yake pamechongwa mabonde ya kiti na ya miguu. Matundu yanayowashangaza watu yako kwenye ukoo huu wa pili.

Siri ya matundu hayo ni kwamba kila moja ni bomba fupi, ambalo mdomo wake wa juu umeungana na sitaha na ule wa chini umeungana na tumbo la chombo, bila mwanya wowote wa kuingia ndani. Hewa inayoielesha kayaki imefungiwa kati ya sitaha na tumbo, ikiyazunguka mabomba hayo. Mpira wa ndani wa tairi la gari una tundu kubwa katikati na bado humwelesha mtu mzima, kwa sababu hewa inayombeba imo ndani ya mpira, wala haihusiani na lile tundu. Maji yanayopita katika bomba la kayaki hayajaingia chomboni, kama vile maji yaliyo katikati ya mpira wa tairi hayajaingia kwenye mpira.

Kwa nini basi hayapandi hadi kumlowesha aliyekaa? Chovya mrija katika glasi ya maji: maji yatapanda ndani ya mrija hadi usawa wa maji ya glasi, na hapo yatakoma. Ndivyo ilivyo katika mabomba ya kayaki. Muda wote chombo kinapoelea, kila bomba lina maji hadi usawa wa maji ya nje, na sakafu ya mabonde imeinuliwa sentimita chache juu ya usawa huo. Wimbi likirusha maji sitahani, maji hayo yamo mahali palipo juu kuliko maji ya nje, hivyo yanateremka yenyewe kupitia mabomba bila pampu wala upo wa kukumbia maji. Hakuna maajabu zaidi ya hayo.

Sentimita hizo chache ndizo zinazoleta lawama. Kayaki ya kukaa juu yenye urefu wa mita 3.3 na upana wa sentimita 78 hulalia maji kwa eneo la takriban mita mraba 1.7, kwa kuwa omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, zimechongoka. Kuizamisha kwa sentimita moja zaidi kunahitaji kusukuma kando lita 17 za maji, yaani kuongeza kilo 17 tu. Mtu mzito kuliko yule aliyekusudiwa na mtengenezaji, akiwa na mizigo ya kilo 35, ameishusha sakafu kwa sentimita mbili au zaidi, na hapo sheria ileile ya mrija inageuka dhidi yake: usawa wa maji sasa uko juu ya sakafu, na maji yanapanda kwa utulivu hadi yamfikie kitini. Chombo hakizami, maana hewa yake haijaguswa, lakini mtu anakaa kwenye dimbwi. Sehemu ya kiti ndiyo huathirika kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndiyo iliyo chini kuliko nyingine, na uzito wote wa mwili uko hapo. Kwa sababu hii wazoefu hawaipakii kayaki hadi mwisho wa uzito ulioandikwa ubavuni. Huishia kwenye theluthi mbili hadi robo tatu yake, mtu na shehena wakihesabiwa pamoja.

Vizibo vya matundu vina kazi yake, ila kazi hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Katika maji tulivu, ambako hakuna wimbi la kupanda sitahani, kuziba matundu ya kitini humfanya mtu abaki mkavu, na si kosa. Kosa ni kuyaacha yamezibwa bahari inapochafuka. Hapo mabonde yanageuka beseni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja; lita 40 zilizonaswa sitahani ni sawa na kumbeba mtoto mkubwa asiyetulia, anayekimbilia upande uleule unaoinama. Aliyeziba matundu kwa hofu ya maji yanayotoka chini amejinyima njia ya kuyatoa yanayotoka juu, na haya ya juu ndiyo mengi.

Kuna kizibo kingine ambacho hakipaswi kuchanganywa na hivyo. Karibu na tezi au omo, kayaki nyingi za kukaa juu zina kizibo kidogo cha kuzungusha, kinachofunga njia ya kuingia tumboni. Hiki hufunguliwa nchi kavu pekee, ili kutoa maji machache yaliyopenya kupitia vifuniko au mahali palipofungwa skrubu. Kukisahau wazi majini ndiyo njia rahisi ya kuizamisha kayaki ambayo watu husema haizamiki. Njia ya pili ni ufa. Midomo ya matundu hupasuka kuliko sehemu nyingine za chombo, hasa kayaki inapobebwa kwenye kitoroli ambacho vyuma vyake huchomekwa humo matunduni na uzito wote kuvilemea. Maji yaliyoingia tumboni hayaonekani. Dalili yake ni kwamba chombo kinakuwa kizito, kinachelewa kuitikia kafi, na kikiinama kinakawia kurudi, kama mtu aliyechoka.

Kukawia huko kunahitaji maelezo, kwa sababu ndiko kunakounganisha suala la maji na suala la kutulia. Jaribu kutembea na sinia pana lenye maji. Likiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioshuka, yakauongezea uzito, nao ukashuka zaidi. Unachukua muda kulisawazisha, na ukilisawazisha kwa pupa yanakimbilia upande wa pili. Maji yaleyale yakiwa kwenye chupa iliyojaa na kufungwa, unaibeba bila taabu. Maji yaliyo huru ndani ya chombo hufanya hivyohivyo, na kadiri uso wake ulivyo mpana ndivyo yanavyoharibu zaidi. Kwa hiyo ngama, yaani maji yaliyonaswa ndani ya chombo, katika kayaki si uzito tu, bali ni uzito unaohamia pale pasipotakiwa, wakati usiotakiwa.

Sasa tuuangalie utulivu wenyewe. Nguvu mbili zinashindana. Uzito wa mtu na chombo unavuta chini kupitia nukta moja, kitovu cha uzito, ambacho katika kayaki kiko karibu na tumbo la mpiga kafi, maana yeye ana uzito mara mbili au tatu ya chombo chenyewe. Nguvu ya kuelea inasukuma juu kupitia katikati ya ile sehemu ya chombo iliyozama. Chombo kikiinama, upande ulioshuka unazama zaidi, na nukta ya msukumo inahamia upande huo. Ikihama vya kutosha kupita chini ya kitovu cha uzito na kutokeza upande wa pili, inakisukuma chombo kurudi wima. Isipohama vya kutosha, chombo kinapinduka.

Upana una neno kubwa hapa, tena kubwa kuliko macho yanavyokadiria. Nguvu hiyo ya umbo inakua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: kutoka sentimita 60 hadi 75 ni nyongeza ya robo tu, lakini urefu ukibaki uleule, ukinzani dhidi ya kuinama unakaribia kuwa maradufu. Urefu wa kiti nao una neno, ila kwa upande wa pili wa mizani. Kila sentimita unayokiinua kiti inakipandisha kitovu cha uzito kwa karibu sentimita hiyohiyo, na mtu akisimama kinapanda kwa zaidi ya nusu mita.

Hapa ndipo fundo linapofunguka. Kayaki ya kukaa juu inataka kiti kiwe juu ya usawa wa maji ili maji yateremke yenyewe. Kiti kikiwa juu, kitovu cha uzito kimepanda, na chombo kitayumba. Ili kisiyumbe, mtengenezaji anakipanua, mara nyingi hadi sentimita 75 au 80, na zile za wavuvi, ambamo watu husimama, hukaribia 90. Chombo kipana nacho kinasukuma maji mengi, hivyo kinakwenda polepole. Kayaki ya kukaa ndani haina matundu ya kutolea maji, kwa hiyo kiti kinaweza kushushwa hadi chini kabisa, vidole vichache tu juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), chini ya usawa wa maji ya nje. Kwa kuwa mtu amekaa chini, upana wa sentimita 55 hadi 60 unamtosha, na chombo kinakwenda kama mshale. Gharama yake ni kwamba maji yakiingia hayatoki yenyewe. Wawindaji wa Greenland, ambao kayaki zao zilikuwa na upana wa sentimita 50 hivi, walilitatua hilo kwa kutoyapa maji nafasi: walivaa vazi la ngozi liitwalo tuilik, lililofungwa usoni, mikononi na kuzunguka ukingo wa tundu la kukalia, mtu na chombo wakawa kitu kimoja, na walipopinduka waligeuka chini ya maji na kuibuka upande wa pili.

Anayetaka ushahidi wa kanuni hii atazame kayaki za mashindano ya baharini. Hizi ni za kukaa juu, lakini ni nyembamba mno, upana wake ni sentimita 45 hivi, kwa sababu bonde la kiti limeshushwa chini ya usawa wa maji. Tundu lake la kutolea maji limeundwa kwa namna ya pekee: mdomo wake unatazama nyuma, na chombo kikikimbia, maji yanayopita chini kwa kasi huyafyonza yaliyo ndani. Kikisimama, hali inageuka, na maji yanarudi. Waliounda vyombo hivyo walikataa kulipa gharama ya upana, wakalipa kwa namna nyingine, kwamba chombo kinakauka pale tu mtu anapokikimbiza.

Limebaki suala la kuyumba, ambalo nadhani ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Utulivu wa kayaki una hatua mbili. Uthabiti wa awali ni ule unaouhisi unapokaa tu, chombo kikiwa wima: kinagoma kuinama au kinacheza? Uthabiti wa pili ni ule unaokupokea ukishainama sana. Chombo cha tumbo bapa kina uthabiti mkubwa wa awali. Ukikikalia unajiona uko juu ya meza. Cha tumbo la mviringo, au lililochongwa kama herufi V na mbavu zinazopanuka kuelekea juu, kinayumba tangu dakika ya kwanza, lakini kadiri kinavyoinama ndivyo mbavu hizo zinavyoingia majini na kuongeza msukumo, hadi unahisi kama umeegemea mto. Kile bapa mara nyingi hufika mahali ambapo hakina tena cha kukupa, na kutoka hapo kinapinduka bila kuaga.

Tofauti hii haina maana sana ziwani asubuhi, upepo ukiwa umelala. Ina maana kubwa wimbi linapokuja ubavuni. Weka ubao mpana juu ya mteremko wa wimbi: utalala sambamba na mteremko, kwa sababu kazi yake ni kung'ang'ania uso wa maji, na uso wa maji umeinama. Kayaki pana yenye tumbo bapa hufanya hivyo, na kumlazimu mtu kuinama pamoja nayo. Ile ya mviringo huliacha wimbi lipite chini yake, huku kiuno cha mpiga kafi kikicheza na mabega yake yakibaki wima. Kwa hiyo “pana zaidi ni salama zaidi” ni kauli ya kweli nusu: kweli majini palipotulia, na ya kutiliwa shaka penye mawimbi. Kuyumba kwa awali nako hupungua kwa namna ambayo haimo katika chombo. Mgeni hukaza mwili, hushika kingo kwa mikono miwili na kuliacha kafi mapajani. Mwili uliokazwa huupeleka kila mtikisiko hadi kichwani, na kafi lisilogusa maji haliwezi kumwegemeza. Baada ya saa chache kiuno kinalegea, na kayaki ileile inaonekana imepoa.

Niseme pia kwamba usukani na bapa la kushusha chini ya tezi havihusiani na kutulia, ingawa wauzaji hupenda kuvitaja katika pumzi moja. Vyote viwili husaidia chombo kushika njia upepo unapokisukuma. Kinachoongeza utulivu kwa kweli ni upana, kiti kilichoshuka, shehena nzito iliyofungwa chini kabisa mfano wa farumi (uzito wa kukitulizia chombo), au mirengu ya pembeni kama ya ngalawa.

Ukishayajua haya, kuchagua aina kunakuwa kazi ya kujiuliza mambo machache kwa uaminifu. La kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni hili: ukipinduka, utarudije chomboni? Katika kayaki ya kukaa juu unaigeuza, unajirusha kwa kifua kuvuka sitaha, unajiviringisha na kukaa, na maji yanajitoa wakati ungali unahema. Katika ya kukaa ndani, zaidi ya lita 100 zinaweza kuwa zimejaa mahali ulipokuwa umekaa, yaani zaidi ya kilo 100 zinazocheza kama maji ya sinia, na kuzitoa kunahitaji pampu ya mkono, mazoezi, na ikiwezekana mwenzako wa kukushikia chombo. Kayaki za safari za baharini, ambazo kwa kawaida zina urefu wa mita 4.5 hadi 5.5, zina viambaza viwili vinavyozuia maji, kimoja mbele ya miguu na kingine nyuma ya kiti, hivyo maji hubaki katika chumba cha katikati na ncha zote mbili zinaendelea kuelea. Zina pia sketi ya kuzuia maji, inayovaliwa kiunoni na kuvutwa kwenye ukingo wa tundu. Wanaoogopa kunaswa humo wajue kwamba mbele yake kuna kitanzi: ukikivuta, sketi inaachia. Jambo hilo hufundishwa siku ya kwanza, kabla ya kwenda mbali.

Inayonitia wasiwasi ni ile iliyo katikati: kayaki fupi ya burudani ya kukaa ndani, yenye tundu pana la kukalia, ambayo mara nyingi ina kiambaza kimoja au haina hata kimoja. Inavutia kwa sababu ni pana, haiyumbi, na inamweka mtu mkavu. Ikijaa maji inazama omo au tezi na haiwezi kukaukia majini. Itabidi ivutwe hadi ufukweni. Karibu na ufuko, maji yakiwa tulivu, haina ubaya wowote. Kuivusha ghuba ni jambo jingine.

Baridi ya maji nayo inaamua mengi. Kukaa juu ni kukubali kulowa, na maji yenye nyuzijoto chini ya 15 yanaweza kumkata mtu pumzi mara tu anapotumbukia. Humo atahitaji vazi la kuhifadhi joto hata jua likiwa kali, achague aina yoyote atakayochagua. Jaketi okozi halina mjadala. Kuhusu urefu, kasi ya juu ya chombo inapanda pamoja na kipeuo cha pili cha urefu wake: cha mita 3 kinaanza kugoma karibu na kilomita 7.8 kwa saa, cha mita 5 karibu na kilomita 10. Watu wengi hupiga kafi kwa kilomita tano au sita kwa saa, kwa hiyo faida ya urefu ni jasho dogo zaidi katika safari ndefu. Mwenye kutaka saa moja ya kustarehe atabeba urefu huo bure. Kwenye mito yenye maporomoko, fupi ndiyo inayotakiwa, yenye mkuku uliopinda kama ndizi, maana huko kugeuka ndiko kunakookoa. Za kujazwa upepo zinatulia vizuri kwa sababu ya mapipa yake ya hewa ubavuni, ila upepo huzichezea.

Usinunue kabla ya kuijaribu kwenye maji yanayokufika kifuani. Ikalie ukiwa na uzito wa mizigo utakayoibeba, kisha tazama usawa wa maji ndani ya matundu: uko vidole vingapi chini ya sakafu? Iinamishe kidogo kidogo hadi ikutupe, uhisi kama ilikuonya kwanza. Panda tena peke yako. Halafu itoe nchi kavu, fungua kile kizibo kidogo cha tezini na uinue omo. Yakitoka maji ya kujaza kikombe, hakuna tatizo. Yakimwagika kama ya ndoo, pitisha kidole kwenye midomo ya matundu, mmoja baada ya mwingine, ukitafuta ufa.